Rudolf Diesel, mutu aliyeacha jina lake ndani ya moteri

Kila mutu anayefanya kazi ku mugodi anajua neno dizeli. Kuko wanaosema mazuti, kuko wanaosema gasoili, ni kitu kimoja. Pik-up inayobeba ekipi ya asubuhi, kamyo kubwa inayopanda na mawe kutoka chini ya shimo, grupu inayowasha taa wakati umeme umekatika: zote zinakula mazuti. Lakini wengi wetu hawajui kama Diesel ni jina la mutu, aliyekuwa na baba na mama, na bibi na watoto, na madeni pia. Leo tunawaletea maisha yake. Ile shida inayosumbua mafundi wetu kila siku, shida ya kuingiza mazuti vizuri ndani ya moteri, ndiyo ilimusumbua yeye miaka mingi, na alikufa bila kuimaliza.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mukubwa wa Ufaransa, tarehe 18 ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa upande wa Bavaria. Baba alikuwa fundi wa kushona vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Feza haikukuwa mingi ndani ya nyumba, na mutoto alikuwa anasukuma kigari kupelekea wateja mizigo yao. Alipopata nafasi, alikimbia kwenda kuangalia mashini za zamani zilizotunzwa katika nyumba moja ya serikali pale Paris, na kurudi nyumbani kuzichora.

Mwaka wa 1870 vita ikatokea kati ya Ufaransa na Ujerumani. Wajerumani wote wakafukuzwa Paris. Familia ya Diesel ikakimbilia London na mizigo kidogo tu. Kule kazi haikupatikana vizuri, na mama akaona heri mutoto aende kwa jamaa. Basi Rudolf, akiwa na miaka 12, akatumwa peke yake mpaka Augsburg, kwa jamaa yake aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Ni kule alisema katika moyo wake kwamba atakuwa injeniya. Alisoma kwa nguvu, akashinda wenzake, akapewa feza ya masomo, akaingia katika shule kubwa ya ufundi ya Munich.

Pale Munich alikuwa na mwalimu mumoja, Carl von Linde, yule aliyetengeneza mashini za kufanya barafu. Mwalimu akawafundisha kwamba mashini ya mvuke inapoteza mali bure. Ukiichomea makala 100, kazi unayopata ni ya makala 10, na mara nyingi hata 10 haifiki. Yote mengine yanakwenda na moshi na joto. Kijana Diesel akaandika hilo jambo kando ya kitabu chake, na halikutoka tena katika kichwa chake.

Wazo lake lilikuwa hili. Ukipiga hewa na pompi ya kinga ili kujaza mupira, pompi inapata moto mukononi. Hewa ikikamuliwa, inapata joto. Sasa ukiikamua sana sana ndani ya silindiri, joto linapanda mpaka mafuta yakiingia pale yanashika moto yenyewe, bila kiberiti na bila buji. Moteri ya namna hiyo ingekula kidogo na kufanya kazi mingi. Diesel alitaka pia iwe ndogo, ili fundi mwenye karakana yake aweze kushindana na viwanda vya matajiri. Aliomba haki ya uvumbuzi wake mwaka wa 1892, akaipata mwaka wa 1893. Kampuni ya mashini ya Augsburg na ile ya Krupp zikakubali kutoa feza ya kujaribu.

Kujaribu hakukukuwa muchezo. Tarehe 10 ya mwezi wa nane 1893 waliingiza esansi katika moteri ya kwanza. Ikalipuka, kipimo kikapasuka, na vipande vikaruka karibu na vichwa vyao. Hakuna aliyekufa, na Diesel akafurahi, sababu alikuwa ameona kwamba moto unawaka wenyewe kweli. Wakavunja, wakatengeneza tena. Tarehe 17 ya mwezi wa pili 1894, moteri ilikuwa imefungwa na mukaba kwa mashini ya kiwanda ili iizungushe. Ghafla fundi aliyesimama pale akaona mukaba umegeuza kazi: sasa moteri ndiyo inavuta. Hakusema neno, alivua kofia yake tu. Ile moteri ilijizungusha yenyewe dakika moja. Mutu wa kwanza kujua alikuwa mufanya kazi, mwenye mikono ya mafuta.

Tusimame hapa kidogo, sababu hapa ndipo kuko kiini cha habari yetu. Kukamua hewa, Diesel aliweza. Kitu kilichomushinda ni kuingiza mafuta. Fikirieni: ndani ya silindiri hewa inasukuma kwa nguvu kubwa, na mafuta lazima yaingie kwa nguvu inayopita hiyo. Yaingie kidogo tu, sawasawa kila mara, kwa saa yake kabisa, na yawe laini kama ukungu. Yakidondoka kama maji ya robine mbovu, hayaungui vizuri, moteri inatoa moshi mweusi na kugonga. Pompi za wakati ule zilivuja, hazikuweza. Diesel akalazimika kupuliza mafuta na hewa nyingine iliyokamuliwa zaidi, na kwa kufanya vile alihitaji kompresere kubwa kando ya moteri.

Kwa njia hiyo alifaulu. Mwaka wa 1897 mwalimu mumoja wa Munich alipima moteri yake mbele ya watu, akakuta inageuza kuwa kazi zaidi ya sehemu 26 kwa 100 ya joto la mafuta. Hakuna mashini ya wakati ule iliyofika pale. Matajiri wa inchi mingi wakaja kununua haki, na Diesel akawa tajiri kabla ya kufika miaka 40. Lakini sababu ya ile kompresere, moteri ilikuwa nzito kama nyumba. Ilifaa kiwanda, ilifaa meli. Gari haikuweza kuibeba. Na ile karakana ndogo ambayo Diesel aliiwazia, haikupata kitu.

Mwaka wa 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, moteri moja ndogo ya namna yake ilitembea na mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliomba, ikifikiria Afrika, fasi karanga zinakomaa sana na mafuta ya kuchimba yanakosa. Diesel alipenda sana habari hiyo, na miaka ya nyuma alisema kwamba siku moja mafuta ya mimea yatakuwa na kazi kubwa. Pia aliandika, mwaka wa 1903, kitabu juu ya wafanya kazi: kila mumoja aweke feza kidogo kidogo katika sanduku moja, na kwa hiyo feza wafungue viwanda vyao wenyewe. Walionunua kitabu hicho walikuwa wachache sana.

Sasa tuseme upande wa huzuni. Moteri za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara nyingi, wateja wakalalamika. Kiwanda alichofungua Augsburg kikaanguka. Watu walimushitaki, wakisema wazo si lake. Alichoka kichwa mpaka akalazwa. Na feza, aliyoijua kuitafuta, hakujua kuitunza: alijenga nyumba ya kifalme Munich, akatia feza katika viwanja na katika biashara ya mafuta, akapoteza. Mwaka wa 1912 jina lake lilikuwa juu kuliko wakati wote, sababu Wadenmark walitoa baharini meli Selandia, meli kubwa inayotembea na moteri zake bila mvuke. Lakini nyumbani deni lilikuwa linakula. Bibi yake Martha na watoto watatu hawakujua, maana hakuwaambia.

Jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa tisa 1913, Diesel alipanda meli Dresden katika bandari ya Anvers, Ubelgiji, mji ule ule ambamo meli za kuja Congo zilikuwa zinatoka. Alikuwa anakwenda Uingereza kwa kazi, pamoja na wenzake wawili. Walikula, wakatembea kidogo juu ya meli, wakaagana. Asubuhi walipomwita, kitanda chake hakikulaliwa. Siku zilipita, na mashua ya Waholanzi ikakuta maiti baharini. Wakatoa vitu katika mifuko, wakairudisha maiti ndani ya maji. Mutoto wake mwanaume alipoonyeshwa vile vitu akajua ni vya baba. Watu wakasema mingi, hata kwamba aliuawa. Lakini deni lilikuwa la kweli, na familia iliijua hesabu yake wakati mwenyewe hayuko tena wa kuulizwa.

Ile kazi aliyoiacha, wengine waliimaliza. Katika mji wa Stuttgart, Robert Bosch alianza mwaka wa 1922 kutafuta pompi inayosukuma mafuta peke yake, bila hewa. Mwaka wa 1927 ile pompi ikatoka kiwandani kwa wingi. Kompresere ikatupwa, moteri ikawa nyepesi, na dizeli ikapanda katika kamyo, kisha katika gari ndogo. Bila pompi ya namna hiyo hatungekuwa na pik-up ya mazuti ku barabara zetu.

Na ile nguvu ya pompi ndiyo uzaifu wake. Ndani yake vyuma viwili vinapita karibu karibu, nafasi kati yao ni ndogo mara nyingi kuliko unywele wa mutu. Punje moja ya vumbi la kareri inavikwaruza. Tone la maji linaleta kutu. Katika pik-up za sasa, mazuti yanakamuliwa mara elfu moja na zaidi kuliko hewa tunayopumua, basi uchafu unaua haraka zaidi. Ukiona gari inakataa kuwaka asubuhi, inatoa moshi mweusi, inagonga na kukosa nguvu ku mulima, usikimbilie kununua enjektere mupya. Anza na filtri. Toa maji chini yake. Angalia kama hewa haiingii katika mipira ya mazuti. Tena usiwe na mazoea ya kununua mazuti ya bidoni bila kujua yametoka wapi, maana bei ndogo ya bidoni inalipwa ku pompi. Na usiweke mukono mbele ya enjektere inayopiga: yale mafuta yanapenya ngozi kama sindano, na mutu anaweza kupoteza vidole.

Diesel alijua sana joto na hesabu, lakini alihitaji fundi wa kuvua kofia, na fundi mwingine wa kutengeneza pompi nyuma ya kifo chake. Mafundi wetu wanaolala chini ya pik-up na kusafisha filtri na vidole vyao, wako katika mustari huo huo. Na baba mwenye deni, aliambie nyumba yake mapema, wangali pamoja.