Charlot, mtu aliyekula kiatu chake

Mchimbaji wa Misisi ao wa Lubichako akiambiwa kuna filme ya watu wawili waliokwenda mlimani kutafuta dhahabu, posho ikaisha mpaka wakapika kiatu, hatauliza kama ni ya kweli. Atauliza kiatu kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha Charlie Chaplin, yule wazee wetu wanamwita Charlot sawa vile Wafaransa.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1889. Baba na mama walikuwa waimbaji wa jukwaani mjini London. Baba alipenda pombe kuliko nyumba, nayo ikamuua mwaka wa 1901. Mama, Hannah, aligonjwa akili. Charlie alikuwa na miaka 7 tu wakati alipoingizwa, pamoja na kaka yake Sydney, katika nyumba ya maskini ya Lambeth, pale watu wasio na kitu walipewa chakula na kufanyishwa kazi. Huko ndiko alijifunza njaa, si kwenye vitabu.

Alifika Marekani na kundi la wachekeshaji la Fred Karno, na mwaka wa 1914 akaanza kuonekana katika filme. Alivaa suruali kubwa, koti la kubana, kofia ndogo, viatu vya mtu mwingine, na fimbo ya bwana mkubwa mkononi. Masikini anayejiheshimu kama gavana! Watu walicheka dunia nzima, na sababu filme hazikuwa na sauti, hakukuwa lazima ya kutafsiri. Mwaka wa 1916 kompani moja ilikubali kumlipa dola 670,000 kwa mwaka mmoja. Alikuwa hajatimiza miaka 27.

Filme ya dhahabu ilitoka mwaka wa 1925. Inasimulia mambo ya Klondike, kule Kanada, ambako dhahabu ilionekana mwaka wa 1896. Watu karibu 100,000 walianza safari, na wengi hawakufika. Charlot na mwenzake Big Jim wamefungwa na theluji ndani ya kibanda. Charlot anachemsha kiatu, anakikata vizuri kama nyama ya sikukuu, anazungusha kamba zake kama tambi, ananyonya misumari kama mifupa ya kuku. Baadaye njaa inamzidi Big Jim, anamwona Charlot amegeuka kuku mkubwa, anamkimbiza na bunduki. Kiatu kile kilikuwa cha pipi nyeusi. Walirudia kupiga picha siku 3, na inasemekana wote wawili waliharisha.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Msichana aliyechaguliwa kwanza kwa filme hiyo, Lita Grey, alikuwa na miaka 16. Chaplin alikuwa na miaka 35. Alimpa mimba, akamuoa mbio mbio huko Meksiko, na nafasi yake kazini akapewa mwingine. Wazazi wenye mabinti wanaouza chakula kwenye machimbo wataelewa bila mimi kuongeza.

Leo vijana wa Baraka wanatazama kwenye telefone filme za Marekani ambamo watu wamevuta bangi, wanasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wanafikiri ni kitu kipya. Kumbe Chaplin alifanya hivyo tangu mwaka wa 1936, katika filme ya Nyakati za Kisasa. Charlot yuko buloko. Mfungwa mmoja ameficha unga wa kulevya ndani ya chupa ya chumvi, Charlot anajinyunyizia kwenye chakula, macho yanamtoka. Wafungwa wengine wanajaribu kutoroka, na yeye, akiwa hajui hata aliko, anawaangusha wote na kuwaokoa askari. Wanampa chumba kizuri. Wakimwambia yuko huru, anasikitika, maana nje hakuna kazi. (Ndani ya shimo mambo ya kulewa hayaishi vile, kila mtu anajua.)

Filme hiyo inaanza kiwandani. Patroni analetewa mashine ya kulisha wafanyakazi, ili wasisimamishe kazi saa ya kula. Wanaijaribu kwa Charlot: inaharibika, inamzungushia muhindi mdomoni kwa nguvu, inamlisha vyuma. Akienda chooni kuvuta sigara, uso wa patroni unatokea ukutani kumrudisha kazini. Baadaye, barabarani, bendera inaanguka kutoka kwenye gari. Anaiokota, anaipunga ili dereva aione. Nyuma yake maandamano ya wasio na kazi yanatokea, polisi wanakuja, wanamkamata kama kiongozi wa greve. Mimi mtu wa sendika, hapo ninasimamisha filme na kurudisha nyuma.

Sababu mchezo huo ulimgeukia. Serkali ya Marekani ilimshuku kwamba ni mkomunisti. Mwaka wa 1952 alipanda meli kwenda London kuonyesha filme yake mpya, na akiwa baharini wakamfutia ruhusa ya kurudi. Alikuwa amefanya kazi kule karibu miaka 40. Alihamia Uswisi na mke wake Oona na watoto. Mwaka wa 1972 Marekani ilimwita ikampa zawadi ya heshima, watu wakasimama wakampigia makofi kwa dakika nyingi.

Na huku Kongo? Miaka ya 1950, kule Kasai, padri Mbelgiji Albert Van Haelst alitengeneza filme za Matamata na Pilipili, wachekeshaji wawili wa kwetu. Mama mmoja ao mzee wa pale Baraka huenda bado anakumbuka majina yao.

Chaplin alikufa siku ya Noeli mwaka wa 1977. Mwezi wa tatu uliofuata, wanaume wawili wasio na makuta, mafundi wa magari waliokimbilia Uswisi kutoka Polandi na Bulgaria, walifukua jeneza lake na kudai malipo. Oona alikataa kutoa hata franka. Polisi waliwakamata na kulikuta jeneza limezikwa ndani ya shamba la mahindi. Walilirudisha makaburini, na safari hii wakamwaga simenti juu.