Sultani Salahuddin Ayyubi na Mji wa Asqalan



Anapotajwa Salahuddin Ayyubi, Mwenyezi Mungu amrehemu, wengi wetu tunakumbuka miji aliyoikomboa. Leo tunapenda kumweleza kwa mji alioubomoa mwenyewe.

Salahuddin alizaliwa Tikrit, Iraq, mwaka 532 Hijria (1138). Aliingia jeshini pamoja na ami yake Shirkuh, na mwaka 1169 akawa waziri wa Misri. Baadaye aliziunganisha Misri na Sham. Julai 1187 aliwashinda Wapiganaji wa Msalaba huko Hattin. Septemba Asqalan ikasalimu amri, na tarehe 27 Rajab 583 (2 Oktoba 1187) akaingia Baitul Muqaddas.

Asqalan ulikuwa mji wa kale katika pwani ya Palestina, kaskazini ya Ghaza. Kuta zake nene ziliuzunguka kama upinde, na bahari ikawa upande wa pili. Aliyeushika mji huo aliishika njia ya kutoka Misri.

Mwaka 1191 mambo yaligeuka. Mfalme Richard wa Uingereza na wenzake waliiteka Akka, na mateka Waislamu zaidi ya 2,000 wakauawa. Septemba Salahuddin akashindwa Arsuf. Ikadhihirika kwamba Richard akiipata Asqalan ikiwa nzima, ataikata njia ya Misri, kisha ataiendea Baitul Muqaddas. Askari walikuwa wamechoka, nao hawakutosha kuilinda miji yote miwili. Tena, wakikumbuka yaliyowapata wenzao wa Akka, waliogopa kufungiwa ngomeni.

Sultani alishauriana na maamiri wake, wakaona mji ubomolewe. Kadhi wa jeshi lake, Bahauddin ibn Shaddad, ameeleza kwamba Sultani hakupata usingizi usiku ule, na kwamba kuwapoteza watoto wake kulikuwa kwepesi kwake kuliko kuliondoa jiwe moja la Asqalan. Hata hivyo, alipoona kwamba ndiyo maslahi ya Waislamu, alianza kazi. Kila amiri na watu wake walipewa sehemu ya ukuta. Wenyeji walilia, wakauza vitu vyao kwa bei ya kutupa, wakahamia Misri na Sham.

Richard aliujenga mji upya mwaka 1192, lakini Baitul Muqaddas hakuipata. Mkataba wa Septemba mwaka huo uliamua kuta zibomolewe tena. Salahuddin alifariki Damascus tarehe 27 Safar 589 (4 Machi 1193), na katika hazina yake zilikutwa dinari 1 na dirham 47 tu. Sultani Baybars aliimaliza Asqalan mwaka 1270, na magofu yake yapo ufukweni hadi leo. Jina nalo limebaki: Imam Ibn Hajar al-Asqalani, mtunzi wa Bulugh al-Maram, alizaliwa Cairo, lakini asili ya ukoo wake ni mji huo.

Ndugu zetu, kuacha tusichokipenda si kazi. Salahuddin aliacha alichokipenda, tena baada ya kushauriana na wenzake, ili kiokoke kilicho kikubwa zaidi. Nasi tujifunze kutaka shauri kabla ya kukata jambo, na kuyatanguliza maslahi ya wengi hata yanapotuuma. Mwenyezi Mungu atupe moyo huo. Amin.