Jean-Marie, mkimbizi aliyerudi na jina lake

Hapa kisiwani Nkombo, ukisimama pwani asubuhi mitumbwi inaporudi na sambaza, kisha ukaita Jean-Marie Vianney, huenda wakageuka watu watatu. Mmoja ni mimi. Jina hilo nilibatizwa nalo, nikalificha nilipokuwa mkimbizi ng'ambo ya Ziwa Kivu, kisha nikalirudia. Leo nataka kuwasimulia habari za mwenyewe aliyetuachia.

Jean ni Yohane, Marie ni Maria. Wafaransa huyaunganisha kwa kistari wakampa mtoto wa kiume, wala hakuna anayeshangaa. Sisi wengi kistari tumekiacha, na wapo wanaotuuliza mpakani kama Marie ni mke wetu.

Jean-Marie Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alichunga mifugo. Alipotaka kuwa padri alikuwa tayari kijana mkubwa, na Kilatini kilimshinda mara nyingi.

Mwaka 1809 aliitwa jeshini kupigana vita vya Napoleon. Wanafunzi wa upadri walisamehewa, lakini jina lake halikuwemo katika orodha. Njiani akaugua, akaachwa nyuma na kikosi, akaishia milimani katika kijiji cha Les Noës. Huko alijiita Jérôme Vincent. Mama mjane alimficha nyumbani kwake, naye akawafundisha watoto wa kijiji. Mwaka 1810 ulitoka msamaha kwa watoro, na mdogo wake akaingia jeshini badala yake. Jérôme Vincent akafa, Jean-Marie akarudi kwao.

Alipata upadri mwaka 1815. Mwaka 1818 alipelekwa Ars, kijiji cha watu wapatao 230. Wakubwa wake hawakutarajia makuu. Lakini watu walianza kumfuata kwa maelfu kutoka mbali ili aungamishe, naye akikaa katika kiti cha kitubio hata saa 16 kwa siku. Zaidi ya mara moja alijaribu kuondoka Ars, kwa kuona hafai kazi ile, na kila mara alirudi. Alifariki huko tarehe 4 Agosti 1859. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akawa msimamizi wa maparoko wote.

Ndugu zangu mliorudi, nanyi mnaovuka kila siku na vikapu vyenu, mnajua kwa nini habari hizi zinanigusa. Niliporudi nilikuwa na karatasi mbili zenye majina mawili. Ofisa mmoja aliniuliza mimi ni nani hasa, nami nikakosa jibu hadi majirani walipokuja kunitambua.

Jina nimelipata, deni bado. Jean-Marie hakujificha peke yake. Palikuwa na mjane aliyemfungulia mlango. Upande wa Bukavu yuko mama mmoja aliyenilisha miaka miwili, naye ananijua kwa lile jina la uongo. Nimevuka kuuza samaki mara nyingi bila kupita kwake, kwa aibu tu. Tarehe 4 Agosti ijayo nitampelekea sambaza, nimwambie jina langu.