Mboya na kiti cha Nairobi Mashariki

ENEO BUNGE la Nairobi Mashariki halimo tena katika orodha ya maeneo ya uwakilishi jijini. Liliwahi kuwakilishwa na marehemu Thomas Joseph Mboya.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako babake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge. Alisomea ukaguzi wa afya Kabete, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na humo ndimo alimoanzia harakati za vyama vya wafanyakazi.

Machi 1957, Waafrika walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, Nairobi nzima ilitengewa kiti kimoja. Mboya alimpiku wakili Argwings-Kodhek, Mluo mwenzake, kwa kura zisizofika 400. Lakini ushindi huo ulikuwa na dosari isiyokuwa yake. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia Wakikuyu, Waembu na Wameru kupiga kura ila kwa cheti cha uaminifu, na wengi hawakuwa nacho. Je, jiji lote lilikuwa naye?

Jibu lilipatikana Februari 1961. Katika Nairobi Mashariki, Wakikuyu ndio waliokuwa wengi miongoni mwa wapigakura, na mpinzani wake alikuwa Dkt Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo mashuhuri aliyeungwa mkono na baadhi ya vigogo wa Kanu. Ungedhani hesabu ya ukabila ingetosha kumwangusha Mboya. Alizoa zaidi ya kura 31,000. Waiyaki hakufikisha 3,000.

Mipaka ilipochorwa upya 1963, Mboya alihamia Nairobi ya Kati, ambayo leo ni Kamukunji, akaiwakilisha huku akiwa waziri.

Julai 5, 1969, alipigwa risasi alipokuwa akitoka dukani katika barabara iitwayo sasa Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alikuwa Mkikuyu. Waombolezaji waliurushia mawe msafara wa Rais Kenyatta nje ya kanisa, na katika mitaa ile ile iliyomchagua kwa pamoja miaka minane awali, Waluo na Wakikuyu wakatazamana kwa uhasama. Mboya alizikwa Rusinga.