KUULIZA SI UJINGA: MAISHA YA JEAN-MARIE SERONEY

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilinipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu walidhani nitamwandika mkimbiaji, maana huku kwetu Kericho na Bomet wakimbiaji hawakosekani. La hasha! Mimi nimemchagua mbunge, na sababu yake ilianzia barazani.

Mwaka jana kulikuwa na baraza karibu na kibanda chetu cha kupimia majani ya chai. Mama mmoja jirani yetu alisimama akauliza kwa nini zahanati ilikuwa imekaa wiki nyingi bila dawa. Mkubwa aliyekuwa mbele akamtaka athibitishe maneno yake ama aketi chini. Yule mama akaketi. Ajabu ni kwamba wengi waliokuwa pale walikuwa na karatasi za daktari mifukoni, zile za kwenda kununulia dawa dukani. Jioni nilipomsimulia babu, alicheka kidogo, kisha akaniambia kwamba jambo kama hilo liliwahi kutokea Bungeni Nairobi, na aliyekikalia kiti siku hiyo alikuwa jirani yetu, Mnandi. Basi nikaanza kuuliza na kusoma.

Jean-Marie Seroney alizaliwa miaka ya 1920 huko Kapsabet, katika nchi ya Wanandi. Baba yake alikuwa mhubiri. Kijana Seroney alisoma Kapsabet, akaendelea hadi Alliance, kisha Chuo cha Makerere huko Uganda. Hakutosheka. Alivuka bahari akasoma katika Chuo Kikuu cha Allahabad nchini India, halafu akaenda London kusomea sheria. Wakati huo mawakili Waafrika nchini Kenya walikuwa wa kuhesabika, na miongoni mwa Wakalenjin yeye ndiye aliyetangulia. Hebu fikirini, wenzangu mnaolalamika kwamba shule ni mbali!

Mwaka 1961 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni. Alikuwa katika chama cha KADU pamoja na Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na Taita Towett wa hapa kwetu Kericho. Chama hicho kilitaka nchi iwe na majimbo ili makabila madogo yasimezwe. Mwaka 1964 KADU ilivunjwa na wabunge wake wakajiunga na KANU. Mwaka 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, ikabaki KANU peke yake. Kwa hivyo aliyetaka kuihoji serikali hakuwa na chama kingine cha kukimbilia. Alibakiwa na mahali pamoja tu, yaani ndani ya Bunge.

Lakini kabla sijafika Bungeni, kuna jambo ambalo siwezi kuliruka, maana linagusa majani chai. Vilima vya chai vya Nandi Hills ni ndugu za vilima vyetu. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilichukuliwa na Wazungu baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa mwaka 1905 na upinzani wa Wanandi kuvunjwa. Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa yalibaki mikononi mwa makampuni. Mwaka 1969 Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills, lililodai kwamba ardhi yote ya Nandi ni ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi, akatozwa faini. Mimi sitamsifu kwa kila kitu. Katika mashamba ya chai wanaishi watu wa makabila mengi, na tunajua jinsi maneno juu ya ardhi yalivyowatia watu hofu mwaka 1992 na mwaka 2008. Hata hivyo, swali lake la jinsi ardhi ilivyochukuliwa halikuwa la uongo. Mtu anaweza kuuliza swali la haki na bado jibu lake likazua matatizo.

Sasa twende Bungeni. Siku hizo Mawaziri walikuwa pia wabunge, na waliketi katika ukumbi mmoja na wale waliowauliza. Mbunge aliandika swali lake mapema, likapangwa katika orodha ya siku, na Waziri akapaswa kusimama kulijibu. Baada ya jibu, wabunge waliruhusiwa kuuliza maswali ya nyongeza, na hapo ndipo Waziri ambaye hakujitayarisha alitoka jasho. Mambo ya kuuliza yalikuwa tele. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje katika hospitali zake, lakini matibabu ya bure hayamfai mgonjwa kama dawa hakuna. Mwaka 1974 karo ilifutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, kumbe wazazi wakajikuta wakidaiwa pesa za majengo. Bila mtu wa kuuliza, amri nzuri hubaki kwenye karatasi.

Mwaka huo huo wa 1974 Rais Kenyatta aliamuru kwamba Kiswahili kitumike Bungeni. Wanachama wa Chama cha Kiswahili, jambo hili lapaswa kutufurahisha! Mbunge aliyekuwa akijificha nyuma ya Kiingereza kigumu sasa ilimbidi aseme lugha ambayo hata mchuma chai angeielewa. Kiingereza kilirudishwa mwaka 1979, na tangu hapo lugha hizo mbili zimetumika pamoja.

Katika uchaguzi wa 1974 watu wa Tinderet walimrudisha Seroney Bungeni, na mwaka 1975 wabunge wenzake wakamfanya Naibu Spika, ijapokuwa wakubwa wa serikali hawakumpenda. Spika alikuwa Fred Mati. Spika anapokuwa hayupo, Naibu wake ndiye anayekalia kiti na kuamua nani aseme, nani aketi, na nani athibitishe.

Mwaka wenyewe ulikuwa mgumu. Mwezi wa Machi mbunge J.M. Kariuki, aliyejulikana kwa kuwatetea maskini, aliuawa. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, ikiongozwa na Elijah Mwangale. Ripoti yake ilipopigiwa kura ilipita kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa Waziri, aliiunga mkono ripoti hiyo akafutwa kazi, na Mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu wakafutwa pamoja naye. Kila mbunge sasa alijua bei ya kuuliza.

Tarehe 9 Oktoba 1975 Seroney alikuwa kitini. Mbunge wa Butere, Martin Shikuku, katika kuchangia mjadala, alisema kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyokwisha kuuawa. Upande wa serikali ukapandwa na hasira, ukataka Shikuku athibitishe maneno yake. Macho yote yakageukia kiti. Seroney angeweza kumwambia Shikuku aketi, mambo yakaisha, naye akarudi nyumbani salama. Badala yake aliamua kwamba jambo lililo wazi kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa.

Siku sita baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliwakamata Seroney na Shikuku katika eneo la Bunge lenyewe. Hawakufikishwa kortini. Waliwekwa kizuizini chini ya sheria ya usalama wa umma, ambayo haikuhitaji kesi wala ushahidi. Oneni kinyume kilichopo hapo. Mbunge alitakiwa athibitishe maneno yake, lakini waliomfunga hawakutakiwa kuthibitisha chochote. Shirika la Amnesty International lilimtambua Seroney kuwa mfungwa wa dhamiri.

Alikaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu. Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978, na mwezi wa Disemba Rais Moi akawaachilia wafungwa wote wa kisiasa, Seroney akiwa mmoja wao. Lakini kiti chake hakukipata tena. Mwaka 1979 mbunge wa Tinderet alikuwa kijana Henry Kosgey. Seroney aliaga dunia mwaka 1982, akiwa bado hajawa mzee sana.

Je, alikufa bure? Nimelifikiria swali hili nikitembea kwenda shuleni kati ya mistari ya chai. Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kusema Bungeni, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya afya bora. Katiba hiyo pia iliwaondoa Mawaziri katika viti vya Bunge, kwa hivyo kwa miaka kadhaa walikuwa wakijibu mbele ya kamati tu. Mwaka 2023 walianza kuingia ukumbini tena kujibu maswali uso kwa uso. Na kwa kuwa zahanati zilihamishiwa kaunti mwaka 2013, maswali ya dawa sasa yanapaswa kuulizwa pia katika mabunge yetu ya kaunti, kule Kericho na kule Bomet. Waziri wa afya wa kaunti hakai mbali kama Nairobi.

Lakini sheria nzuri haitoshi. Somo ninalolipata katika maisha ya Seroney ni hili: anayeuliza anahitaji ujasiri, na anayekalia kiti anahitaji ujasiri zaidi. Shikuku aliuliza kwa sababu ndiyo ilikuwa tabia yake. Seroney hakulazimika kusema lolote. Alikuwa na cheo, na wenye vyeo wengi hupenda amani ya vyeo vyao. Darasani kiti hicho ni cha mwalimu au kiranja, na barazani ni cha yule mkubwa aliye mbele. Akimtaka mama mwenye mtoto mgonjwa athibitishe kile ambacho kila mtu anakijua, watu wote hujifunza kunyamaza.

Yule mama jirani yetu nimemsimulia habari hizi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza baraza lingine ni lini. Ile karatasi ya daktari bado anayo.