Sheikh Al-Amin Mazrui: salih aliyekuwa muslih



Ndugu zangu, wengi wetu hapa Makenke tuliotoka Nakivale tumekulia katika Kiswahili, na bado somo la sarf linatutoa jasho. Mimi nimefaidika zaidi na maisha ya mwanachuoni mmoja wa Mombasa kuliko kukariri jedwali la vitenzi, basi nawasimulia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1891 katika nyumba ya elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akasomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali. Baadaye alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Kwa elimu hiyo angeweza kukaa na darsa zake, akaheshimiwa hadi mwisho wa umri wake.

Hakutosheka. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu ya dini na ya dunia, wala wasiwaache nyuma mabinti zao.

Tulitazame jina la gazeti hilo. Mzizi wake ni herufi tatu: swad, lam na ha. Umbo la kwanza ni salaha, yaani kuwa mwema au kufaa, na mwenye sifa hiyo ni salih. Ukiongeza hamza mwanzoni unapata umbo la nne, aslaha: kukifanya kitu kiwe chema. Hapo hamza inafanya kazi kama -sha yetu, safi ikawa safisha. Mtendaji ni muslih, na tendo lenyewe ni islah, neno lililomo katika Surat Hud, kwenye kisa cha Nabii Shuaib. Suluhu na maslahi, tunayoyasema kila siku, yametoka mzizi huohuo.

Kwa hiyo salih ni mwema mwenyewe. Muslih huwatengenezea na wengine. Sheikh Al-Amin alichagua hilo la pili. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akashika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947. Gazeti halikudumu, lakini makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alikuja kusomesha Makerere, hapa hapa Uganda.

Ndugu yangu, ukiyahifadhi maumbo kumi ya kitenzi kwa ajili ya mtihani, umejifaa wewe. Likizo ukirudi Nakivale, wakusanye watoto wa jirani, anza na suluhu na maslahi waliyokwisha kuyajua, kisha waonyeshe herufi tatu zilizomo ndani yake. Hiyo nayo ni islah.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu. Amin.