Kanoni Apolo Kivebulaya: Mtu wa Sala na Jembe



Kila mwaka ifikapo tarehe 30 Mei, makanisa ya Anglikana katika nchi mbalimbali humkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyelala katika Bwana siku hiyo mwaka 1933. Baadhi ya wazee wetu wanalijua jina lake, lakini vijana wengi hawalijui. Sisi tuliofundisha shule kwa miaka mingi tumeona ni vema kuyaandika maisha yake kwa kifupi, maana yanatugusa watu wa Gwarama mahali panapouma.

Apolo alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika nchi ya Buganda. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, kama vile sisi hapa Buha tunavyomwita pacha wa kwanza Bukuru. Katika ujana wake alifundishwa Uislamu, akawa pia askari katika vita vilivyoisumbua Buganda wakati ule. Baadaye alilisikia neno la Injili kwa walimu wa CMS, mmojawapo akiwa Alexander Mackay. Alibatizwa mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka 30 hivi, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu hodari tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilozoea kulivaa juu ya kanzu yake nyeupe. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya.

Baada ya kubatizwa alikwenda kufundisha Toro, magharibi ya Uganda. Huko akasikia habari za Mboga, nchi iliyo ng'ambo ya bonde la mto Semliki, ambayo leo imo katika Kongo na huitwa Boga. Walimu wawili wa kanisa walikuwa wametangulia kwenda huko, nao wakarudi. Hawakurudi kwa sababu ya simba wala maradhi. Walirudi kwa njaa, kwa kuwa chifu wa Mboga, aliyeitwa Tabaro, hakupendezwa na mafundisho yao, na watu hawakuwapa chakula.

Apolo alijua habari hizo zote, lakini mwaka 1896 alikwenda. Nasi tuna methali kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Apolo hakungoja siku ya tatu. Alilima shamba lake mwenyewe, akapanda chakula chake, na huku akiendelea kuwafundisha watu kusoma na kuomba. Njaa iliyowafukuza wenzake haikumfukuza yeye.

Hapa, ndugu zetu, hatuna budi kuungama jambo moja. Tulipokuwa vijana, tukifundisha katika shule ya kijiji kimoja cha milima hii, palikuwa na mwalimu wa kanisa mwenye mke na watoto wadogo. Hakuwa na mshahara wa kutosha hata chumvi. Kila Jumapili tulimwombea katika sala za watu wote, kwa sauti kubwa na kwa moyo kweli. Halafu tulikwenda nyumbani kula. Hatukumbuki hata mmoja wetu aliyempelekea kikapu cha mihogo. Asubuhi moja tulikuta mlango wa nyumba yake wazi na ndani hamna kitu. Alikuwa ameondoka usiku na jamaa yake, bila kumlaumu mtu. Tangu siku ile, kila tusomapo habari za wale walimu wawili waliorudi kutoka Mboga, twamwona yeye.

Turudi kwa Apolo. Mateso yalimpata mengi. Alipigwa kwa sababu alikataza mambo yaliyopendwa na wakubwa. Kisha dada yake Tabaro alikufa kwa ajali, na lawama ikamwangukia Apolo. Alifungwa, akapelekwa Toro kwa wakubwa wa serikali ya Kiingereza, akatiwa kifungoni. Katika siku zile za taabu, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Yesu Kristo ameng'aa kama jua, akimtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye. Hatimaye aliachiliwa.

Mtu mwingine angeshukuru kwa kupona, akaenda zake kwao Buganda. Apolo alirudi Mboga kwa watu walewale waliomshitaki. Hakuwadai fidia. Aliwafundisha tena, akaishi nao kama jamaa yake. Muda si mrefu Tabaro mwenyewe, yule aliyemtesa, aliomba kufundishwa. Akabatizwa, akaitwa Paulo. Hatudhani Tabaro alishindwa kwa maneno tu. Alikuwa amemwona mtu anayewaombea adui zake, na tena haondoki.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alifanya kazi Toro kwa miaka mingi, kisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alirudi Mboga kukaa. Aliishi bila mke, lakini nyumba yake haikuwa kimya, maana ilijaa watoto na vijana aliowalea na kuwafundisha. Mwaka 1922 aliwekwa kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Cheo hicho hakikumwondoa kijijini. Wakati huo, naye akikaribia miaka 60, alikuwa amekwisha kuanza kazi mpya katika msitu mkubwa wa Ituri, miongoni mwa Wambuti, watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Yeye aliwaendea, akakaa nao, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikafasiriwa kwa lugha hiyo.

Alipoona mauti yake yamekaribia, alitoa agizo moja. Desturi ya kwao ilikuwa maiti alazwe kichwa kikielekea kwao alikotoka. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, ambako watu walikuwa bado hawajaisikia Injili. Wakamzika hivyo, huko Mboga.

Mbegu ile haikufa. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa Anglikana la nchi ile likawa provinsi kamili. Walakini Boga imelia pia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya ukumbusho wa Apolo ikiwa imekwisha tu, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua watu zaidi ya 50. Basi tunapomkumbuka Apolo, tuwaombee watoto wake wa kiroho.

Lakini tusiishie hapo. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, ametuonya juu ya kumwambia mwenye njaa aende kwa amani na hali hatukumpa kitu. Sisi wa milima hii tumemjua mgeni mwenye njaa kwa macho yetu. Tuliwaona ndugu zetu wa Burundi wakivuka mpaka mwaka 1972, tukawaona tena 1993, na tena 2015, na wengi wetu tuligawana nao kidogo tulicho nacho. Kwa nini basi twaweza kumlisha aliyetoka mbali, tukamsahau mwalimu wa kanisa aliye nyuma ya ua wetu, au mjane anayekaa benchi moja nasi?

Twawaombeni jambo dogo. Mwisho wa ibada, jina la mhitaji likiisha kutajwa katika sala, kila mmoja ajiulize kabla hajatoka mlangoni: jembe langu litakuwa wapi juma hili? Siku moja tu ya kulima katika shamba la mwalimu, debe moja la mahindi, mkungu mmoja wa ndizi. Wakati ule hatukuwa maskini mno kupeleka kikapu cha mihogo. Tulidhani tu kwamba kuomba kumetosha.

Mungu atupe neema tusimkute tena mtumishi wake ameondoka usiku. Amina.